Kuchagua rimu za kubadilisha kwenye gari la familia: mwongozo kamili

Ukiuliza rimu za Toyota Wish pale Kisekka au Ndeeba, kwenye vipuri vya magari jijini Kampala, haichukui muda kabla hujaletewa seti iliyovuliwa kwenye Subaru Forester. Muuzaji atakuambia zinaingia, na kweli zitaingia. Matundu matano yatakaa kwenye stadi tano (zile nondo zenye uzi zinazofungwa nati), gurudumu litazunguka, utalipa na kwenda zako. Kasoro utaijua ukiwa kwenye barabara ya mwendo kasi ya Entebbe, gari likikaribia kilomita 90 kwa saa na usukani ukaanza kutetemeka. Tundu la katikati la rimu hiyo ni milimita 56.1, na habu ya Wish, ile sehemu ya gari ambapo gurudumu hufungwa, ni milimita 54.1. Tofauti ni milimita mbili tu, lakini zinatosha kulifanya gurudumu likae kombo kila linapofungwa.

Watu wengi huchagua rimu kwa macho, kisha wanatafuta namna ya kuilazimisha ikubali gari. Fuata njia ya kinyume: chukua vipimo vya gari kwanza, nenda navyo sokoni, na kila rimu isiyovitimiza iache hapo hapo hata ikiwa inang'aa vipi. Rangi na umbo la spoki utachagua katika zile zitakazobaki.

Anza nyumbani, kwenye gari lenyewe

Fungua mlango wa dereva na utafute kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo maandishi yatakuwa ya Kijapani, ila namba zinasomeka: ukubwa wa tairi, kwa mfano 195/65R15, na upepo unaotakiwa. Inua boneti, tafuta bamba la chuma lenye modeli (Wish ya kwanza yenye injini ya 1.8 huandikwa ZNE10), uipige picha kwa simu. Jina la gari peke yake halitoshi, maana magari ya jina moja yanaweza kutofautiana rimu kwa sababu ya mwaka au injini.

Halafu piga jeki, toa gurudumu moja, uligeuze. Nyuma ya spoki au karibu na tundu la katikati utakuta maandishi yaliyochongwa kwenye chuma, mfano 15x6JJ 45. Hiyo 15 ni kipenyo kwa inchi, 6 ni upana kwa inchi, J ni umbo la ukingo unaoshika tairi, na 45 ni ofseti kwa milimita, kipimo nitakachokieleza mbele. Mara nyingine ofseti huandikwa ET45 au +45.

Ila usiiamini rimu ya zamani kupita kiasi. Gari lililopita kwa wamiliki wawili watatu, au lililokaa muda kwenye bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa), linaweza kuwa limeshavishwa rimu za gari jingine. Ndiyo maana vipimo viwili vinavyofuata vichukue kwenye habu yenyewe.

Matundu na duara lake

Hesabu stadi: nne, tano au sita. Kisha pima kile ambacho wauzaji wote hukiita PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi zote. Zikiwa nne au sita, pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo, basi. Zikiwa tano hakuna inayotazamana na mwenzake, kwa hiyo pima stadi mbili zilizo jirani, katikati hadi katikati, ugawe kwa 0.588. Ukipata milimita 58.8 kati ya stadi jirani, PCD yako ni 100. Ukipata 67.2, ni 114.3.

Toyota Vitz na Probox hutumia 4x100, yaani stadi nne kwenye PCD ya 100. Wish na Premio ni 5x100. Noah, Harrier na Ipsum ya pili ni 5x114.3, sawa na Nissan X-Trail. Subaru Forester za miaka mingi zilikuwa 5x100, kisha modeli iliyotoka 2018 ikahamia 5x114.3, kwa hiyo "rimu za Forester" si jibu linalotosha. Prado na Hiace ziko kwenye 6x139.7 na hazituhusu sana hapa.

Utakutana na fundi atakayesema rimu ya 5x112, ya Mercedes au Volkswagen, inaingia kwenye gari la 5x114.3. Ukikaza kwa nguvu inaingia. Lakini nati hazikai tena katikati ya vikalio vyake (sehemu za rimu ambapo nati hukaa), kila moja inavuta stadi yake upande, na stadi inayovutwa hivyo kwa miezi huishia kukatika. Hapa hakuna "karibu sawa".

Tundu la katikati, lile linalosahaulika

PCD ikishalingana, watu wengi huacha kupima. Kumbe kwenye gari la kiwandani, shimo lile kubwa la katikati ya rimu ndilo linaloliweka gurudumu katikati ya habu, na kazi ya nati ni kulibana lisitoke. Vipimo vya kushika kichwani ni hivi: Toyota za 4x100 na 5x100 zina habu ya 54.1, Toyota za 5x114.3 zina 60.1, Subaru 56.1, Honda za 5x114.3 zina 64.1, Nissan za 5x114.3 zina 66.1, Mitsubishi 67.1.

Tundu la rimu likiwa kubwa kuliko habu, kuna dawa: ringi ya kati, duara jembamba la plastiki ngumu au alumini linalojaza nafasi. Rimu nyingi mpya zisizo za gari maalumu hutengenezwa na tundu la 67.1 au 73.1 ili ziuzwe kwa magari mengi. Kwa hiyo zikienda kwenye Wish unahitaji ringi ya 73.1 kwa 54.1, nne zote. Muuzaji makini atakuwa nazo kwenye boksi. Yule anayekuambia ringi ni mapambo, mwachie rimu zake.

Tundu likiwa dogo kuliko habu, hakuna dawa ya haraka. Rimu ya Wish haikai kwenye Forester, kwa sababu 54.1 haipiti kwenye 56.1. Nimewaona mafundi wakiisogeza kwa nati, wakikaza kwa bomba refu mpaka ionekane imekaa, ilhali nyuma imening'inia kwenye ukingo wa habu bila kugusa uso wake wote. Nati za gurudumu la namna hiyo hulegea zenyewe.

Ofseti

Uso wa rimu unaogusana na habu hauko katikati kabisa ya upana wa rimu, umesogezwa, na ofseti ndiyo kipimo cha kusogezwa huko. Kwenye magari madogo ya familia huwa ni chanya: namba ikipanda gurudumu linaingia ndani kuelekea shokapu, ikishuka linatoka nje kuelekea fenda.

Tufanye hesabu moja, maana hapa ndipo watu hupotea. Gari lina rimu ya inchi 6, ofseti 45. Umependa rimu ya inchi 7, ofseti 35. Inchi moja iliyoongezeka ni milimita 25.4, nusu yake, 12.7, inaenda kila upande. Ofseti iliyopungua kwa 10 inalisukuma gurudumu lote nje kwa milimita 10. Ukingo wa nje, basi, umetoka kwa 22.7, na wa ndani umeingia kwa 2.7. Gari likiwa tupu huenda usione chochote. Siku ya kwenda kijijini na watu saba na mkungu wa matoke nyuma, gari linakaa chini, unapita tuta, na tairi inakwaruza fenda.

Mimi hupendelea kubaki ndani ya milimita 5 za ofseti ya kiwandani kama upana haujabadilika. Ukitaka zaidi ya hapo, pima nafasi iliyopo kati ya tairi na shokapu, na kati ya tairi na fenda, kabla hujatoa pesa. Gurudumu lililotoka nje sana pia huzielemea beringi za habu na kuufanya usukani kuwa mzito.

Rimu isiyo na maandishi unaweza kuipima mwenyewe. Ilaze kifudifudi juu ya kitambaa, weka ubao ulionyooka juu ya kingo zake za nyuma, upime kutoka kwenye ubao hadi uso unaokaa kwenye habu. Kisha pima upana wote wa rimu kutoka ukingo hadi ukingo, uugawe kwa mbili. Toa nusu hiyo kwenye kipimo cha kwanza na unachobaki nacho ni ofseti. Rimu ya inchi 6 ina upana wa nje wa milimita kama 178, nusu yake 89. Kama kutoka kwenye ubao ulipata 134, ofseti ni 45.

Rimu ikiwa na ofseti kubwa mno, utapendekezewa spesa, kipande kinachokaa kati ya rimu na habu ili kuisogeza nje. Spesa nzima ya alumini yenye stadi zake na tundu la katikati sahihi ni kitu kinachokubalika. Kurundika washa nyuma ya rimu ili isogee nje hakukubaliki kabisa, hata kwa safari fupi ya kutoka Wandegeya hadi Bwaise.

Nati

Toyota, Honda na Mitsubishi hutumia uzi wa M12x1.5, yaani stadi ya unene wa milimita 12 ambayo nati husogea milimita 1.5 kila mzunguko. Subaru, Nissan na Suzuki hutumia M12x1.25. Nati ya Subaru ikianzishwa kwenye stadi ya Toyota inashika mizunguko miwili kisha inakuwa ngumu, na kijana mwenye bunduki ya upepo ataimaliza kwa nguvu huku akiusaga uzi. Sharti: kila nati ianzishwe kwa vidole.

Umbo la kikalio nalo ni muhimu. Rimu nyingi zinazouzwa mtaani zina kikalio cha koni. Rimu za alumini za Toyota kutoka kiwandani mara nyingi hutumia nati yenye shingo na washa bapa, na Honda wana kikalio cha mviringo kama mpira. Nati bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo mwembamba tu. Inaonekana imekaza, na baada ya wiki imelegea. Ukinunua rimu, nunua na nati zake, na nati za zamani usizitupe.

Angalia pia urefu. Nati ya M12x1.5 inatakiwa kuzunguka kama mara nane tangu iliposhika hadi ilipokaza, ili ushikaji ufikie milimita 12. Ikizunguka mara nne tu ikakwama, uso wa rimu ni mnene kuliko stadi zako zinavyoruhusu.

Kipenyo: ongeza kidogo au usiongeze

Tairi ya 195/65R15 ina kimo cha milimita 634. Ukienda inchi 16 na 205/55R16, kimo ni 632, kwa hiyo spidi na kilomita zinabaki karibu kabisa na zilivyokuwa. Ukienda inchi 17 na 215/45R17, kimo ni 625, bado ndani ya asilimia 2. Kwa hesabu zote mbili gari litatembea. Mipaka ya kawaida ni kubaki ndani ya asilimia 3 ya kimo cha kiwandani.

Ila tazama ubavu wa tairi, ile mpira iliyo kati ya rimu na barabara. Kwenye inchi 15 una milimita 127. Kwenye 16 una 113. Kwenye 17 umebaki na 97. Aprili 2023 wakazi wa Kampala waliijaza mitandao picha za mashimo ya barabarani, wakaziita maonyesho. Ubavu huo ndio unaopokea shimo kabla rimu haijapokea. Kwa gari linalobeba watoto shuleni na kwenda kijijini kwa barabara ya udongo, inchi 15 inakutosha, 16 ndiyo mwisho wangu. Na ikiwa safari zako nyingi ni za huko ambako lami imekwisha, rimu ya chuma yenye kofia ya plastiki si aibu: ikigonga inapinda na inanyooshwa, wakati ya alumini inapasuka.

Kushuka inchi pia kuna mpaka wake. Rimu ndogo inaweza kugusa kaliper ya breki, kwa hiyo ijaribu gurudumu la mbele kabla ya lolote, uizungushe kwa mkono na usikilize.

Upana wa rimu uendane na tairi: 195/65R15 inakaa kwenye rimu ya inchi 5.5 hadi 7, na 215/45R17 inataka 7 hadi 8.

Uzito ambao rimu inabeba

Wish tupu ina kilo kama 1,300. Weka watu wazima saba na mizigo, unakaribia 1,900, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inakaa nyuma. Gurudumu moja la nyuma linaweza kubeba zaidi ya kilo 500. Nyuma ya rimu tafuta MAX LOAD na namba yake: chini ya 560 kwa gari la namna hii siichukui. Tafuta pia alama ya JWL, kiwango cha Japani cha rimu za alumini za magari ya abiria, mara nyingi ikiandamana na VIA, alama ya ukaguzi ya huko huko Japani. Gari la mizigo kama Hiace linataka JWL-T. Alama ya kweli imemwagwa pamoja na rimu au kupigwa kwenye chuma. Ya kibandiko usiihesabu.

Kuikagua rimu ukiwa sokoni

Muuzaji ataiweka rimu uso juu, aipanguse kwa kitambaa chenye mafuta, aseme, "Ssebo (bwana), hii ni mpya kutoka Japani." Wewe igeuze. Siri zote za rimu iliyotumika ziko nyuma, kwenye ukingo wa ndani ambao mwenye gari huwa haoni. Washa tochi ya simu, pitisha kidole polepole kuzunguka ukingo. Bonde dogo lisilo na ncha kali linaweza kunyooshwa. Mstari mwembamba mweusi unaoingia kuelekea kwenye spoki ni ufa, na hapo mazungumzo ya bei yanaisha.

Tafuta kuchomelewa. Mafundi wa Katwe ni hodari na chuma, lakini rimu ya alumini iliyochomelewa kwenye spoki au karibu na matundu ya nati usiiweke kwenye gari la familia. Mahali palipochomelewa huonekana kwa uvimbe, kwa rangi nene isiyofanana na pengine, au kwa mikwaruzo ya msasa chini ya rangi. Angalia vikalio vya nati pia. Vikiwa vimeliwa na kuwa vya duaradufu, rimu hiyo iliwahi kutembea na nati zilizolegea.

Kisha omba ifungwe kwenye mashine ya balansi ya jirani, bila tairi, izungushwe. Ukilipa kidogo kwa hilo utaona kwa macho yako kama inacheza. Muuzaji akikataa, umepata jibu.

Rimu zikiuzwa pamoja na tairi, soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni, ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nzee zisikupandishie bei, mwambie azitoe. Na chukua risiti yenye maelezo ya rimu pamoja na ahadi ya kubadilisha zisipoingia, kwa maandishi.

Kufunga

Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya, kutu ikiachwa hapo gurudumu halikai sawa. Weka ringi za kati. Anzisha nati zote kwa vidole, zikaze kwa kuruka kama unachora nyota, gari likiwa bado juu ya jeki, kisha lishushe ukamilishe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toyota ndogo zinataka Nm 103. Kwa gari jingine fuata kitabu chake. Bunduki ya upepo ikiachwa ifanye kazi yote hutajua imekaza kiasi gani, na stadi zilizovutika huwa hazirudi.

Geuza usukani mwisho kulia, mwisho kushoto, usikilize mkwaruzo. Pakia watu wazima nyuma, pita tuta polepole. Fanya balansi ya magurudumu yote manne, na alaimenti kama upana au ofseti imebadilika.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati zote kwa kipimo kile kile. Na ndani ya buti weka zile nati za zamani karibu na gurudumu la akiba. Kama akiba ni ya chuma na nati mpya hazilingani na kikalio chake, pancha ya usiku njiani kwenda Gulu itakukuta na gurudumu usiloweza kulifunga.